Picha Si Mchezo

Katika jambo lo lote la starehe watu hugawanyika makundi mawili: wale wakipendao kitu kwa lile kilitendalo, na wale wakipendao kwa namna kionekanavyo. Michezo ya video, ambayo umri wake katika nyumba za watu umekwisha pita nusu karne, haikuepuka mgawanyiko huo. Liko kundi kubwa, lenye sauti ya juu na fedha nyingi nyuma yake, lishikalo kwamba mtambo wa michezo hupimwa kwanza kwa picha: wingi wa nukta katika kioo, wembamba wa vivuli, unywele mmoja mmoja juu ya kichwa cha askari wa kubuni. Likiulizwa mtambo upi ni bora, kundi hilo hujibu kwa hesabu. Hoja yake yastahili kujibiwa kwa hesabu vile vile, maana hesabu zenyewe zaipinga.

Lakini shabaha ya ubishi na ieleweke tangu mwanzo. Hapana asemaye kwamba picha mbaya ni bora kuliko picha nzuri. Mtu wa namna hiyo hayuko, na kushindana naye ni kupigana na kivuli. Swali ni hili: mambo mawili yasipoweza kupatikana yote kwa ukamilifu, katika mtambo mmoja na kwa bei moja, lipi litangulie? Nukta nyingi katika picha, au uchezaji, yaani yale ayatendayo mchezaji kwa mikono yake na jinsi mchezo unavyomjibu?

Swali hilo limekwisha jaribiwa sokoni mara kadha wa kadha, na jaribio lililo safi kupita yote lilifanyika mwaka 2006. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangulia, mwezi wa Novemba 2005, kwa mtambo wake wa Xbox 360, uliouzwa Marekani kwa dola 299 au 399 kwa kadiri ya vifaa vilivyomo. Novemba ya mwaka uliofuata Sony ilitoa PlayStation 3 kwa dola 499 na 599. Mitambo yote miwili ilijengwa juu ya imani moja, kwamba televisheni mpya za picha kali zilikuwa zaingia majumbani, na kwamba mwenye kuzilisha televisheni hizo ndiye atakayetawala. PlayStation 3 iliweza kutoa picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, nazo zikizidishwa ni nukta 2,073,600, ijapokuwa michezo mingi ya mtambo huo haikufika katika kipeo hicho.

Katika mwezi uo huo Nintendo ya Japani ilitoa mtambo wa tatu, jina lake Wii, kwa dola 250. Picha yake haikuzidi mistari 480, takriban nukta laki tatu. Karibu sehemu moja ya saba ya ile ya Sony. Ubongo wake wa hesabu ulikuwa ndugu wa karibu wa ule uliokuwamo katika mtambo wa Nintendo wa mwaka 2001. Waandishi wengi wa habari za michezo waliutazama kwa huruma, kama watu wamtazamavyo mgeni aliyekuja arusini na nguo ya kazini. Jambo jipya lilikuwa moja tu. Padi yake ilikuwa kijiti cheupe kama kile cha kubadilishia stesheni za televisheni, nacho kilitambua mwendo wa mkono. Mtu akitaka kupiga mpira wa tenisi, alipunga mkono kama apigaye tenisi. Akitaka kuvingirisha mpira wa boling, aliuvingirisha.

Yaliyofuata yajulikana. Mabibi na mababu ambao hawakupata kushika padi maishani mwao walisimama mbele ya televisheni wakishindana na wajukuu, na katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani na Uingereza boling ya Wii ilifanyiwa mashindano. Washindani wa Nintendo nao hawakujibu kwa kuongeza nukta. Walijibu mwaka 2010 kwa kuiga: Sony kwa kijiti chake kilichoitwa Move, Microsoft kwa kamera yake iliyoitwa Kinect, vyote viwili vikitafuta lile jambo moja ambalo mtambo hafifu ulikuwa nalo. Hesabu ilipofungwa, Wii ilikuwa imeuzwa kiasi cha milioni 101. PlayStation 3 ilipita milioni 87, na Xbox 360 ilipita milioni 84.

Wapenzi wa picha wanalo jibu, na si jibu la kupuuzwa. Husema kwamba Wii ilikuwa moto wa mabua: ilinunuliwa kwa wingi, ikachezwa miezi michache, kisha ikaachwa kukusanya vumbi. Husema tena kwamba udhaifu wake uliifungia milango, kwa sababu watengenezaji wa nje walipokuwa wakitunga michezo mikubwa kwa ajili ya Xbox na PlayStation hawakuweza kuishusha katika Wii pasipo kuikatakata. Hoja ya pili ina ukweli. Kiko kiasi cha nguvu ambacho mtambo ukipungukiwa nacho hunyimwa michezo, na kunyimwa michezo ni hasara ya uchezaji yenyewe. Lakini katika hoja ya kwanza mpinzani ajikata kwa kisu chake mwenyewe. Nintendo ilipokubali kurekebisha ule udhaifu na kutoa, mwaka 2012, mtambo wenye picha kali, yaani Wii U, ulimwengu haukuukimbilia. Uliuzwa kiasi cha milioni 13 na nusu tu. Watu hawakuona ndani yake jambo jipya la kutenda, na wengi hata hawakutambua kwamba ni mtambo mwingine. Kama picha ndiyo iliyokuwa haja ya wateja, Wii U ilikuwa na picha ambayo Wii haikuwa nayo, juu ya jina lile lile. Kilichopungua ni mchezo.

Kisa hicho kilikuwa na kielelezo cha zamani, na aliyekiandaa alikuwa Gunpei Yokoi, mtu aliyeingia Nintendo mwaka 1965, wakati kampuni hiyo ikitengeneza karata za Kijapani, akawekwa kuangalia mashine za kiwandani. Yokoi alikuwa na shauri moja ambalo lingewachukiza wauzaji wa leo. Alishika kwamba mbunifu wa michezo asikimbilie ufundi mpya na ghali, bali achukue ufundi uliokwisha zeeka, ulio rahisi na ambao tabia zake zote zajulikana, kisha autafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiri. Ufundi huo aliuita ulionyauka. Kwa shauri hilo alizaa, mwaka 1980, michezo midogo ya mkononi iliyotumia vioo vya namna ya vile vya kikokotoo, baada ya kumwona msafiri mmoja katika gari moshi akijipumbaza kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake. Kwa shauri lilo hilo yeye na wenzake wakatoa, mwezi wa Aprili 1989, mtambo wa Game Boy.

Kwa macho ya mpenzi wa picha, Game Boy ilikuwa aibu. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, na rangi hazikuwamo. Vilikuwamo vivuli vinne vya kijani kilichochujuka. Hakikuwa na taa ndani, hata mchezaji alilazimika kukigeuzageuza atafute mwanga wa dirisha. Mwaka uo huo Atari ilitoa Lynx, yenye rangi na taa. Mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo yenye rangi na taa, na matangazo yake huko Marekani yaliwakejeli wazi wazi wenye Game Boy kwa umaskini wa macho yao. Walakini rangi na taa vina chakula chake. Lynx na Game Gear zote zilikula betri sita, na betri hizo hazikuvuka saa tano. Game Boy ilikula betri nne, ikaenda saa kumi na tano au karibu. Bei yake Marekani ilikuwa dola 90. Ya Game Gear ilikuwa 150, na ya Lynx ilikaribia 180.

Mtoto aliyepewa Game Gear katika safari ndefu alikuwa na picha nzuri mpaka katikati ya safari. Mwenzake mwenye Game Boy alicheza kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo tafsiri ya uchezaji katika lugha ya kawaida: mchezo unaochezwa. Game Gear iliishia kiasi cha milioni kumi. Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi la mwaka 1998, ilipita milioni 118.

Yasemwa kwamba Game Boy haikushinda kwa betri, ilishinda kwa sababu ilikuwa na Tetris. Usemi huo wapenzi wa picha hupenda kuutumia, kana kwamba wawasaidia, na ajabu ni kwamba hawaoni unakowapeleka. Tetris ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Mashine aliyoitumia, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha hata moja; ilijua kuandika herufi na alama tu. Basi Pajitnov alitengeneza vipande vyake kwa mabano ya maandishi, mabano mawili mawili yakisimama mahali pa mraba. Vipande hivyo vya mabano vilianguka toka juu, mchezaji akavigeuza na kuvipanga, na mstari ukijaa ukatoweka. Hayo tu. Inasimuliwa kwamba wenzake katika kituo kile walishindwa kuuacha mchezo ule. Toleo la Game Boy peke yake liliuzwa zaidi ya nakala milioni 35, na tangu hapo Tetris imechezwa katika kila chombo chenye kioo, kuanzia kikokotoo cha mwanafunzi hadi simu ya mkononi. Katika safari hiyo yote picha yake imebadilika mara zisizohesabika, na mchezo haukubadilika. Likiwapo jambo moja liwezalo kuamua kesi hii bila ya kuita shahidi wa pili, ni Tetris ya mabano.

Mswahili, kwa kweli, hakuhitaji kupelekwa Moscow apate kujua hivyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Laweza kuwa la mvule uliochongwa kwa nakshi, likawekwa barazani kama pambo la nyumba, na laweza kuwa mashimo yaliyofukuliwa mchangani kwa kidole, kete zikawa kokoto. Hapana bingwa aliyepata kufungwa akadai kwamba alifungwa kwa ubaya wa ubao. Na wala hapana fundi seremala aliyepata kuitwa bingwa wa bao kwa sababu ya uzuri wa nakshi zake.

Hapa wapenzi wa picha hubadili silaha. Huacha kuzungumza habari za nukta, wakazungumza habari za uzuri: je, mchezo si sanaa, na sanaa si ya macho? Je, bonde lenye ukungu asubuhi, lililochorwa kwa ustadi, halimpi mchezaji hamu ya kulivuka? Jibu ni kwamba lampa, na hoja hiyo ni ya haki. Bali si hoja yao. Uzuri na wingi wa nukta ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kulikowatajirisha wauzaji. Mwaka 2001 Nintendo ilionyesha sura ya mchezo wake mpya wa Zelda, uliokuja kuitwa The Wind Waker, ukiwa umechorwa kwa namna ya katuni: macho makubwa, mistari mieusi, rangi bapa. Wapenzi wengi wa Zelda walighadhibika. Walitaka uso wa kweli, upanga wa kweli, ngozi ya kweli. Walilalamika kwamba wamepewa kitu cha watoto. Mchezo ukatoka Japani mwishoni mwa mwaka 2002. Leo michezo mingi ya miaka ile iliyojitahidi kuiga uhalisi yatazamwa kwa kicheko, nyuso zake zafanana na sanamu za nta zilizoachwa juani. Bahari ya The Wind Waker ingali yapendeza. Uzuri wake ulikuwa uamuzi wa mchoraji, wala haukununuliwa kwa nukta.

Kinyume chake chaonekana katika The Order: 1886, mchezo uliotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya PlayStation 4. Picha zake za London ya kale zilikuwa za ajabu hata wahakiki waliouchukia walizisifu. Kisha wakaeleza walichokuta ndani: mchezo mfupi, wenye kumwongoza mchezaji kwa kamba, wenye kumwamuru atazame zaidi ya kumwacha atende. Mtu alilipa bei kamili ya mchezo mkubwa, akapewa dirisha.

Yako mahali, na haki yataka yatajwe, ambapo picha ndiyo uchezaji. Dereva wa gari la mashindano apaswa kuiona kona mapema. Mpiganaji apaswa kuuona mkono wa adui ukianza kuinuka. Asiyeona hachezi. Walakini hata katika jambo hili wingi wa nukta umepata kuwa adui wa kuona. Mwaka 2006 kampuni ya Capcom ilitoa Dead Rising kwa Xbox 360, ikayaandika maagizo ya mchezo kwa herufi ndogo zilizopimwa kwa televisheni mpya za picha kali. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zingali na televisheni za zamani. Wenye nyumba hizo walinunua mchezo kwa fedha ile ile, wakaketi mbele ya maandishi wasiyoweza kuyasoma, katika mchezo ambao wakati wake hukimbia na asiyejua la kufanya hupitwa. Waliambiwa, kwa maneno mengine, kwamba kosa lao ni kutokuwa na televisheni mpya.

Na hao walio na televisheni mpya, je, wapata nini? Jicho la mtu lina kikomo chake. Mwenye macho mazima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa kiasi cha sehemu moja ya sitini ya digrii. Zikikaribiana zaidi ya hapo huwa kitu kimoja. Katika televisheni ya inchi 55 yenye nukta 1,920 kwa upana, kila nukta ni kama sehemu sita za kumi za milimita, na mtu aketiye mbali kupita mita mbili na robo hawezi kuitenga na jirani yake. Kiti cha sebuleni aghalabu kiko umbali huo au zaidi. Sasa wauzaji wataka mteja alipie picha yenye nukta 3,840 kwa 2,160, jumla yake milioni nane na laki tatu, mara nne ya ile ambayo jicho lake lilikuwa limekwisha kushindwa kuichambua kutoka katika kiti chake. Rangi zilizoboreshwa na mwanga uliopimwa vizuri aweza kuviona, na hivyo ni vitu vya kusifiwa. Lakini siyo vinavyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku. Kinachoandikwa ni nukta, kwa sababu nukta zahesabika. Utamu wa kuruka shimo kwa wakati wake, au ule woga wa kuingia chumba chenye giza bila risasi, hauna tarakimu ya kuandikwa sandukuni, na lisilo na tarakimu ni gumu kulitangaza.

Ushahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ulitoka katika kinywa cha upande wa pili. Mitambo ya siku hizi, isipoweza kufanya yote, humpa mchezaji hiari: atazame picha yenye nukta nyingi na vivuli vizuri, ikibadilika kama mara 30 kwa sekunde, au akubali nukta chache zaidi, picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, hata mkono wake ujibiwe upesi na mwendo uwe laini. Hiari ya kwanza ni ya macho. Ya pili ni ya mkono. Mwezi wa Septemba 2024 Mark Cerny, msanifu mkuu wa mitambo ya PlayStation, alisimama kuutambulisha mtambo mpya wa PlayStation 5 Pro, akasema kwamba wachezaji wanapotakiwa kuchagua, kama robo tatu yao huchagua mwendo. Basi hao ndio watu walionunua mtambo wenye nguvu, wengi wao wana televisheni za kuulisha, wameambiwa kwa miaka ishirini kwamba picha ndiyo yote; na wakipewa nafasi ya kuchagua peke yao, pasipo mtangazaji pembeni, watatu kati ya wanne wautoa mhanga uzuri wa picha wapate kucheza vizuri. Sony iliusikia ushahidi huo, ikatoa uamuzi wa kushangaza: kuuza mtambo utakaowapa vyote viwili, kwa dola 700, bila hata kifaa cha kusomea diski, ambacho hununuliwa mbali.

Ubishi huu ungekuwa mazungumzo ya baraza tu kama gharama yake ingeishia katika mfuko wa mnunuzi. Haiishii hapo. Mwaka 2023, katika kesi iliyofunguliwa Marekani dhidi ya Microsoft kuhusu ununuzi wa kampuni nyingine, Sony ilipeleka mahakamani karatasi ambazo baadhi ya mistari yake ilikuwa imefutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Wino haukutosha, na watu wakasoma. Ikajulikana kwamba kutengeneza The Last of Us Part II, mchezo wa mwaka 2020, kuligharimu kiasi cha dola milioni 220, na Horizon Forbidden West, wa mwaka 2022, dola milioni 212 na kazi ya miaka mitano. Michezo hiyo miwili si mibaya. Wengi waipenda, na kwa haki. Lakini msomaji na aitafakari maana yake. Kila jani katika misitu ile limechorwa na mtu. Kila mkunjo wa nguo una mshahara nyuma yake. Kadiri kioo kinavyoweza kuonyesha zaidi, ndivyo watu wanavyohitajika zaidi kukijaza, na ndivyo mchezo mmoja unavyohitaji mamilioni ya wanunuzi ili urudishe fedha tu, kabla ya faida. Mwenye kuweka dola milioni 200 mezani hathubutu kujaribu jambo lisilojaribiwa. Hurudia lile lililouzika mwaka juzi, akaliongezea nukta.

Na bahati ikigeuka, wanaolipa ni wale wachoraji wa majani. Mwezi wa Januari 2024 Microsoft ilitangaza kuwaondoa kazini watu 1,900 wa upande wake wa michezo. Mwezi uliofuata Sony ikatangaza kuwaondoa 900 hivi, na kuifunga karakana yake ya London. Si haki kusema kwamba nukta peke yake ndizo zilizowaondoa: ulikuwapo mshuko baada ya miaka ya maradhi ya korona, yalikuwapo madeni na ununuzi wa kampuni kwa kampuni. Lakini nyumba iliyojengwa kwa gharama isiyobebeka haihitaji tufani ianguke. Markus Persson alianza kuutunga Minecraft karibu peke yake, akauonyesha ulimwengu mwaka 2009, ukiwa na miti ya pembe nne na ng'ombe wa pembe nne, picha ambazo mtambo wa miaka kumi nyuma usingezionea fahari. Kufika mwaka 2023 ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala milioni 300. Hakuna mchezo wa picha kali uliokaribia kuifikia hesabu hiyo kwa picha zake.

Katika miji ya Afrika ya Mashariki jambo hili lilikwisha amuliwa na watoto, pasipo karatasi ya mahakama. PlayStation 2 ilizaliwa mwaka 2000, na mrithi wake alikuja mwaka 2006. Lakini katika vibanda vya kuchezea michezo, Dar es Salaam hata Nairobi, vijana waliendelea kwa miaka mingi kulipia mechi za mpira katika mtambo ule wa zamani, juu ya televisheni yenye mgongo mnene. Konami yenyewe iliendelea kuutolea mchezo wake wa mpira hata mwaka 2013. Mwenye kibanda hakuweza kununua mtambo mpya kwa kila msimu wa matangazo, na kijana mwenye sarafu mkononi hakudai. Alidai zamu yake. Aliyefungwa bao la dakika ya mwisho alisimama, akapiga kelele, akatoa sarafu nyingine. Hakuna aliyezihesabu nukta za nyavu zilipotikisika. Kwa wapenzi wa picha vibanda hivyo ni umaskini tu, watu waliocheza kile walichoweza kukipata. Hapana shaka umaskini ulikuwamo. Lakini umaskini hauwezi kumfanya mtu arudi kila jioni kwenye kitu kisicho na utamu.

Limebaki neno moja ambalo wapenzi wa picha hulitoa mwisho, kama karata iliyofichwa. Husema kwamba hata Nintendo, mama wa mitambo hafifu, imesalimu amri. Kwamba mtambo wake wa Switch wa mwaka 2017 ulirithiwa mwezi wa Juni 2025 na Switch 2, nao waweza kutoa picha ya zile nukta milioni nane. Ni kweli waweza. Lakini Switch ya kwanza, iliyokuwa dhaifu kuliko washindani wake tangu siku iliyozaliwa, iliuzwa zaidi ya milioni 150 kabla ya mtu ye yote kuziona nukta hizo. Na Switch 2 ilipotoka ilinunuliwa kwa wingi kabla haijatimiza mwezi mmoja: hesabu ya Nintendo ya mwisho wa Juni 2025 ilikuwa mitambo milioni 5.8. Katika hesabu iyo hiyo mchezo mmoja, Mario Kart World, mara nyingi ukiwa umetiwa ndani ya sanduku la mtambo wenyewe, ulikuwa umekwenda nakala milioni 5.6. Ni mchezo wa magari madogo yaendeshwayo na fundi bomba mwenye masharubu na rafiki zake, na safari hii mmoja wa madereva ni ng'ombe.